Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Vyuo vya Bungoma na Kitale kuhusu Shirika la Uhusiano Mwema la Wanafunzi

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Vyuo, Wajumbe wa Mabaraza ya Uongozi, na Walimu wa Idara za Mawasiliano katika vyuo vilivyo baina ya Bungoma na Kitale.

Waheshimiwa,

Naomba radhi kwa kuwaandikia hadharani jambo ambalo pengine mngependa liletwe ofisini katika bahasha iliyofungwa. Lakini kwa kuwa jambo lenyewe linahusu namna chuo kinavyosema na watu, na namna watu wanavyokijibu, sikuona insafu kulisema kwa siri. Ombi langu ni moja, nalo nitalitaja mapema ili msomaji asitaabike kulitafuta: kila chuo kinachofundisha uhusiano mwema kiwaruhusu wanafunzi wake waendeshe shirika lao wenyewe la kazi hiyo, lenye wateja wa kweli, lenye daftari la hesabu la kweli, na juu ya yote, lenye haki ya kurudi kwa aliyelituma na kumweleza yale asiyopenda kuyasikia. Shirika lisilokuwa na haki hiyo ya mwisho, ni heri lisianzishwe.

Nawaandikia kutoka Cheptais, ubavuni mwa Mlima Elgon, mahali ambapo barabara ya kutoka Chwele hupanda katikati ya migomba na mibuni, na ambapo ng'ambo ya mto Lwakhakha ni Uganda. Watoto wetu wakitaka elimu ya juu huteremka: wengine huenda Kibabii, kilichopata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2015, wengine huenda Kitale, ambako taasisi ya ufundi ilipandishwa hadhi kuwa chuo cha ufundi cha taifa mwaka 2016, wengine Sang'alo, na wengine katika vyuo vidogo vya mijini ambavyo majina yao hubadilika kabla rangi ya kibao haijakauka. Wazazi huuza ng'ombe, huuza mahindi, hukopea hata kahawa ambayo bado haijachumwa, mradi karo ilipwe. Miaka miwili au mitatu ikipita, kijana hurudi na stashahada ya mawasiliano iliyopigwa muhuri, ana adabu, ana maneno mazuri, aweza kueleza kwa ufasaha hatua zote za kampeni kama zilivyopangwa kitabuni. Lakini mwajiri akimwambia, "Hebu nionyeshe kazi uliyoifanya, na mtu uliyemfanyia," hubaki akiitazama bahasha ya vyeti vyake, maana kazi hakupewa, na mtu hakumpata.

Mtaniambia kwamba yapo mafunzo ya nyanjani, ambayo kila mwanafunzi sharti ayapitie kabla ya kuhitimu. Naam, yapo, na ningekuwa mdhalimu kama ningesema hayana faida. Walakini nimewauliza vijana wengi yale waliyoyatenda katika miezi hiyo, na majibu yao yamefanana kupita kiasi. Walirudufisha karatasi. Walipanga viti. Walipeleka barua kutoka ofisi hii hadi ile. Na siku ya siku ilipofika, siku ya kukabidhi msaada, walipewa kamera wapige picha, nayo picha yenyewe sote twaijua: hundi ya boksi yenye urefu wa mlango imeshikwa na wakubwa saba waliovaa suti, kila mmoja ameweka angalau vidole viwili juu yake asije akasahauliwa, na nyuma yao, pale ambapo kofia ya mmoja wao haikufunika vyema, laonekana jicho moja la yule mama aliyepewa huo msaada. Kijana aliyefunzwa kupiga picha hiyo ametumikishwa tu, wala hakufunzwa uhusiano mwema, na lililo baya zaidi ni kwamba huenda akaamini kuwa hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Jambo ninaloliomba si geni ulimwenguni. Katika Chuo Kikuu cha Boston, nchini Marekani, wanafunzi wamekuwa wakiendesha shirika lao la uhusiano mwema tangu mwaka 1978. Huwahudumia wateja wa kweli, na kazi yao huhesabiwa katika masomo yao kama vile mtihani unavyohesabiwa. Wala taaluma yenyewe si ngeni kwetu: Chama cha Uhusiano Mwema cha Kenya kiliundwa mwaka 1971, na shirikisho la vyama vya namna hiyo barani Afrika lilizaliwa papa hapa Nairobi mwaka 1975. Imepita nusu karne, basi, tangu nchi hii iitambue kazi hiyo kuwa kazi ya watu wenye maadili. Ila aghalabu imekaa Nairobi, katika maghorofa, ikiyahudumia mabenki na kampuni za simu, ilhali huku kwetu watu wenye haja ya kueleweka ni wengi kuliko wenye uwezo wa kuajiri mtu wa kuwaelewesha.

Na nianze na kahawa, kwa kuwa ndiyo inayolipa karo zenu. Mkulima wa Chesikaki au wa Cheptais huchuma buni mbivu, huzipeleka kiwandani, hupimiwa, hupewa karatasi ndogo yenye idadi ya kilo, kisha huingia katika kungoja kusiko na kalenda. Kahawa yake husafishwa, hukaushwa, hukobolewa, hupelekwa mnadani Nairobi. Na tangu mwaka 2023 fedha zake hupitia mfumo wa malipo ya moja kwa moja ulio chini ya benki, ambao shabaha yake ni kuhakikisha kwamba kila mwenye haki, yaani mkulima, chama chake, kinu na dalali, hupata fungu lake bila ya fedha kukaa mikononi mwa mtu wa kati. Ni mfumo unaoweza kuelezwa kwa mtu yeyote mwenye akili timamu, na wakulima wetu wana akili timamu. Walakini ni wachache mno walioelezwa. Nilihudhuria mkutano mkuu wa chama kimoja cha ushirika, ambacho sitakitaja, ambapo hesabu za mwaka zilisomwa kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua, na msomaji alipofika penye makato, akataja usafiri, akataja kinu, akataja mkopo wa pembejeo, kisha akamalizia kwa "mengineyo". Hapo akasimama mama mmoja mzee, karatasi zake za kupimia zimefungwa kwa uzi wa sufu, akauliza kwa upole kabisa: "Mwenyekiti, huyu Mengineyo ni nani, na mbona kila mwaka hulipwa kabla yangu?" Watu walicheka, mwenyekiti akacheka, mkutano ukaendelea, na swali halikujibiwa.

Sasa fikirini shirika la wanafunzi lingefanya nini hapo. Halikosi shirika lililofunzwa vibaya ambalo lingeandika taarifa ya kuwasifu viongozi wa chama kwa mkutano uliofana, likaambatisha picha ya mwenyekiti akicheka. Lakini vijana waliofunzwa vyema wangeketi kwanza na karani wa hesabu, wakamwomba aifuate shilingi moja tangu inapotoka mnadani hadi inapoingia katika simu ya mkulima, wakaandika kila mahali inapokatwa na kwa idhini ya nani. Wangeichora safari hiyo juu ya karatasi moja kubwa ya manila, kwa Kisabaot, kwa Lubukusu na kwa Kiswahili, maana foleni ya kiwandani ina watu wa lugha zote hizo. Wangeibandika penye mizani, si katika ofisi ya katibu ambako mkulima huingia akivua kofia. Wangeomba dakika chache katika redio ambazo watu wetu husikiliza, Sulwe kwa wenye Lubukusu na Kass kwa wasemao lugha za Kikalenjin. Na wangechagua kusema na watu siku ya kupima buni, ambapo wakulima husimama saa nzima bila shughuli, kuliko siku ya mkutano mkuu ambapo kila mmoja anaiwazia safari ya kurudi nyumbani. Kisha wangefanya jambo la sita, ambalo ndilo kiini cha barua hii: wangeyakusanya maswali ya foleni, pamoja na lile la yule mama, wakayapeleka kwa kamati yakiwa yameandikwa kama yalivyoulizwa, na wakakataa kuchapisha neno lolote la kuisifu kamati hiyo hadi "mengineyo" yaelezwe ni nini.

Shirika linalopeleka maneno nje tu, lisilete maneno ndani, ni kama mshenga anayetumwa kwa wakwe na kuagizwa asirudi na jibu. Arusi haiwezi kufungwa hivyo, hata mshenga angekuwa na ulimi wa asali. Na hii ndiyo sababu nasema kwamba jambo zito katika kuanzisha shirika la wanafunzi ni utayari wa wakubwa kuletewa habari wasizozitaka, na watoto wao wenyewe. Chumba, kompyuta na kamera vyaweza kupatikana baadaye.

Huku Cheptais jambo hili twalitia moyoni kuliko wengine, nanyi mtuwie radhi. Jina la mahali petu limejulikana mbali kwa visa viwili, navyo vyote viwili vilisimuliwa na watu wa nje. Cha kwanza ni magendo ya kahawa ya Chepkube, huku mpakani kwetu, pale ambapo baridi kali iliyoangamiza mibuni ya Brazil mwezi wa Julai 1975 ilipandisha bei ya kahawa duniani, na katika miaka miwili iliyofuata kahawa ya Uganda, iliyokuwa chini ya utawala wa Idi Amin, ikavushwa mpakani usiku na mchana, watu wakatajirika kwa ghafula na wengine wakafilisika vivyo hivyo. Cha pili ni vita vya miaka ya 2006 hadi 2008, vilivyotokana na mzozo wa mashamba ya Chebyuk, mpango wa makazi ulioanza mwaka 1971, ambao ugawaji wake wa mwisho na orodha zake za waliostahili na wasiostahili ulizua uchungu mkubwa. Likatokea kundi lenye silaha la SLDF, likaua na kukata watu masikio, kisha mwezi wa Machi 2008 wakaja wanajeshi, na wengi waliokamatwa wakateswa na wengine hawakurudi. Mamia ya watu walikufa. Sidai, wala mwenye busara hatadai, kwamba ofisi ya uhusiano mwema ingeweza kuzuia vita vya ardhi. Ardhi ni ardhi, na dhuluma haiondolewi kwa taarifa iliyoandikwa vizuri. Nasema hili tu: kwamba kwa miaka mingi watu wa hapa walijulishwa, hawakuulizwa, amri zilisomwa barazani, orodha zilibandikwa, na mwenye manung'uniko aliyanung'unika gizani, ambako fununu hukua kuwa yakini na yakini kuwa panga. Watu waliopitia hayo hawahitaji kufundishwa thamani ya mtu anayesikiliza kabla ya kutangaza.

Historia ya taaluma yenyewe inashuhudia hatari ninayoitaja. Mwaka 1906 Mmarekani aitwaye Ivy Lee, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuajiriwa na wenye migodi ya makaa ya mawe, aliyapelekea magazeti tamko la kusema kwamba ofisi yake itafanya kazi peupe, itatoa habari sahihi, na kwamba mhariri yeyote akitaka kuzihakiki atasaidiwa. Lilikuwa tamko zuri, na hadi leo walimu hulifundisha. Lakini mwaka 1914, baada ya askari kuishambulia kambi ya wachimba makaa waliokuwa wamegoma huko Ludlow, katika jimbo la Colorado, na wanawake na watoto kufa humo, huyo huyo Lee aliajiriwa na familia ya Rockefeller, akatoa vijarida vya kuitetea kampuni yao ya makaa ambavyo baadhi ya tarakimu zake zilikuwa za uongo. Na alipohojiwa baadaye na tume ya serikali, ilidhihirika kwamba alizipokea habari hizo kutoka kwa wenye migodi bila kuzihakiki. Maadili aliyaandika kwa mkono wake, naye aliyajua, alichokosa ni uthubutu, au pengine ruhusa, ya kumwambia aliyemlipa, "Takwimu hizi nitazipeleka tu nikishazikagua." Kama bingwa wa kazi alianguka hapo, mwanafunzi wa miaka ishirini, ambaye alama zake ziko mkononi mwa huyo huyo anayemtuma, atasimama vipi asipowekewa kinga?

Kwa hiyo, waheshimiwa, naziomba shuruti nne, nazo si nzito.

Ya kwanza ni kwamba shirika liwe na haki ya kukagua na haki ya kukataa. Kila kazi ianze kwa mkataba wa ukurasa mmoja, wenye kutaja mteja anataka nini, anataka kusema na nani, ataleta ithibati gani, nani ataidhinisha maandishi, na kazi itakwisha lini. Na chini kabisa pawe na sharti lisilofutika, kwamba shirika halitatangaza jambo ambalo halikulihakiki. Wanasiasa wasihudumiwe kabisa. Mwaka 2022, wakati wa uchaguzi, tuliona jinsi vijana wenye simu walivyogeuzwa matarishi wa matusi kwa malipo ya muda wa maongezi, na mwaka 2027 mlango huo utafunguliwa tena. Chuo kitakachoweka marufuku hiyo mapema kitawaokoa wanafunzi wake na mengi.

Ya pili ni fedha. Kazi isiwe ya bure, kwa kuwa kitu cha bure hakiheshimiwi, hata mteja akilipa nauli na karatasi tu. Lakini kila kinacholipwa kiingie katika akaunti ya shirika lenyewe, yenye sahihi mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu, na mwisho wa kila mwezi hesabu ibandikwe mlangoni, mapato kushoto na matumizi kulia, bila ya mstari wa mengineyo. Kijana aliyejifunza kubandika hesabu zake mlangoni ataweza kumshauri mwenyekiti wa ushirika afanye vivyo hivyo pasipo kuona haya.

Ya tatu ni mwalimu. Awepo, maana ujana bila ya mlezi hupotea njia. Lakini awe mshauri, asiwe mhariri mkuu. Asome kila kitu kabla hakijatoka, aulize maswali, aonye penye kashfa na penye hatari ya sheria. Ila neno la mwisho juu ya kazi iliyohakikiwa liwe la wanafunzi. Na kwa habari ya sheria, awafundishe hasa ile ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kwa sababu uovu mkubwa wa picha za msaada ni kupiga sura ya mgonjwa au ya yatima bila ya idhini, kisha kuieneza mahali ambapo haitafutika tena. Mwanafunzi aliyezoea kuomba idhini, na kuelewa kwamba jibu laweza kuwa hapana, amekwisha pata nusu ya adabu ya kazi hii.

Ya nne ni urithi, na hapa ndipo mashirika mengi ya wanafunzi hufia. Wanafunzi ni watu wa kupita: mwaka wa kwanza hawajui, mwaka wa pili wanajua, muhula unaofuata wako nyanjani, na mwaka wa tatu wameondoka, na pamoja nao yameondoka majina ya wateja, nywila za kurasa, na ahadi zilizotolewa kwa mdomo. Dawa yake ni kwamba mkuu wa shirika achaguliwe muhula mmoja kabla ya aliyeko kuondoka, wakae pamoja, waende kwa kila mteja pamoja. Na kila timu, yaani kiongozi wake, mwandishi wake, mpiga picha wake na mtunza hesabu wake, iandike katika daftari moja la shirika nini kiliahidiwa, nini kilitendeka, na nini kiliharibika na kwa sababu gani. Daftari hilo likitunzwa, shirika litaishi. Likipotea, kila mwaka litazaliwa upya na kila mwaka litakufa likiwa changa.

Najua zipo hoja za kupinga, na zile zenye uzito hazifai kupuuzwa. Mtasema kwamba wanafunzi watakiaibisha chuo. Lakini tazameni mlipo: mwanafunzi mwenye simu ana wasomaji wengi kuliko ubao wenu wa matangazo, na kero ya maji ya bwenini, au ya matokeo yaliyochelewa, hufika katika vikundi vya WhatsApp vya Cheptais kabla haijafika kwa mkuu wa wanafunzi, ikiwa imetiwa chumvi ya kutosha. Uchaguzi mlio nao ni baina ya maneno yaliyohakikiwa na yasiyohakikiwa, kwa maana kimya hakimo tena miongoni mwa vitu vya kuchagua. Mtasema watapuuza masomo. Basi ifanyeni kazi hii kuwa somo, ipewe alama, na mteja aulizwe maoni yake kabla alama hazijatolewa. Mtasema kazi ya kitaaluma iachiwe mabingwa. Nami nauliza, ni bingwa gani wa Nairobi atakayeacha benki ili aje kueleza ratiba ya chanjo ya zahanati ya mlimani, au kanuni mpya za chama cha waendesha bodaboda, au kwa nini shule ya kutwa imebadilisha siku ya chakula? Kazi hizo hazina mwenyewe. Wanafunzi hawatamnyang'anya mtu yeyote riziki.

Tena kumbukeni kwamba nchi imekwisha yaweka haya katika sheria zake. Katiba ya 2010, katika ibara ya 35, humpa kila raia haki ya kupata habari. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 huzitaka kaunti ziwe na njia za kuwasiliana na umma zinazowafikia watu wengi iwezekanavyo, na kutaja miongoni mwazo redio za jamii na mikutano ya hadhara. Wajibu umeandikwa, ila mikono ya kuutekeleza ni michache. Na kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zina vyuo vilivyojaa mikono. Mkataba mdogo baina ya chuo na wadi moja, wa kueleza bajeti ya wadi hiyo kwa lugha za wenyeji na kuleta maswali yao kwa maandishi, ungewafunza wanafunzi zaidi ya mihadhara mingi, na ungewafunza maafisa pia.

Na msisahau mlikotoka. Katika miaka ya 1970 watu wa magharibi ya Kenya walichanga fedha na mali, kwa harambee, ili vijana wao wapate vyuo; hivyo ndivyo WECO ya Kakamega ilivyoanza, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Watu waliokijenga chuo kwa kuku wao na kwa magunia yao ni wenye chuo, nao wana haki ya kuletewa habari na haki ya kusema nacho. Kwa mchangaji wa harambee, au mjukuu wake, kuulizwa, "Waonaje chuo chako?" si hisani. Ni deni.

Nahitimisha kwa kuwaomba jambo linaloweza kufanyika muhula ujao, bila ya kungoja bajeti wala jengo. Wapeni wanafunzi chumba kimoja chenye meza na kufuli. Wapeni mshauri mmoja. Kisha mteja wao wa kwanza awe chuo chenyewe, kwa mkataba ule ule wa ukurasa mmoja ambao mteja mwingine angetia sahihi: waende masokoni Chwele na Kitale, waende viwandani Chesikaki, waende kwa wazazi, kwa waajiri, kwa waliohitimu na kwa walioacha masomo njiani, wawaulize wanakionaje chuo, na waandike majibu bila ya kuyapaka sukari. Taarifa hiyo isomwe mbele ya Baraza la Uongozi, na wanafunzi wenyewe, wakiwa wamesimama na majina yao yakijulikana. Na Baraza lijibu kwa maandishi, kipengele kwa kipengele, lipi litarekebishwa, lini, na lipi haliwezekani na kwa nini. Majibu hayo yabandikwe mlangoni.

Ikiwa baada ya kikao hicho hakuna mwanafunzi aliyeitwa faraghani, hakuna alama zilizopunguzwa, na hakuna mwalimu aliyehamishwa, sisi tulio Cheptais tutajua kwamba shirika limeanzishwa, nasi tutawaletea wateja. Vyama vya kahawa vipo, zahanati zipo, shule zipo, vijana wa bodaboda wapo, na wote wana maneno ya kusema na maswali ya kuuliza. Lakini ikiwa taarifa itarudishwa ili ilainishwe, msituletee kamera zenu. Wapiga picha za hundi tunao wa kutosha.



Wasalaam,

Mimi mwenzenu, mzazi na mkulima wa Cheptais.